Kiti cha Mbele

Waliokuwepo nyumbani kwa Munene, huko Saboti, Jumamosi ile ni hawa: Munene mwenyewe, akiwa amelala chini ya gari, Nekoye, mke wake, Bramwel, kaka yake Nekoye, na Mama Nabwile, mama yao, aliyekuwa chumbani na mlango umefungwa.

Mama Nabwile na mwanawe walikuwa wamefika asubuhi kutoka Kabuchai kwa pikipiki, bila taarifa. Walisema wangerudi kabla ya giza. Munene aliapa kwamba mama mkwe wake hangerudi kwa pikipiki ilhali gari lipo uani.

Gari lilikuwapo kweli. Lilikuwa dogo, la zamani, na lilikuwa limekaa juu ya mawe tangu msimu wa kupanda. Pampu ya maji ilivuja, na injini ilichemka kila lilipopanda kilima. Munene aliifungua pampu hiyo kuukuu, kisha akakwangua mabaki ya gasketi kwa kisu, taratibu, asije akakikwaruza chuma. Pampu mpya ilikuwa ndani ya boksi lake, na juu ya boksi kulikuwa na vumbi.

"Shemeji, kumbe pampu ulikuwa nayo?" Bramwel aliuliza, akimpa spana. "Si ungeifunga kitambo?"

"Ni kazi, bana. Shamba, ng'ombe. Lakini leo ni leo."

Wazee wa upande wa Munene hawakuwa wamewahi kufika Kabuchai kujitambulisha. Kila Nekoye alipouliza, alipewa jibu lile lile: gari likipona, tutakwenda. Munene hakuwa na nia mbaya. Aliona aibu tu kumpeleka baba yake, Mzee Gathii, ukweni juu ya pikipiki, ameshikilia kofia isipeperuke. Leo alikusudia kuyamaliza. Angemfikisha Mama Nabwile mlangoni pake kwa heshima zote, na papo hapo angeomba apangiwe siku ya kuwaleta wazee.

Heshima yenyewe aliijua. Kwa Wabukusu, mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani mikono, hawatazamani usoni, wala hawaketi karibu. Munene, ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri, alikuwa amejifunza mwiko huo na kuushika kuliko wenyewe. Tangu asubuhi hakuwa amekanyaga ndani ya nyumba yake. Chai aliletewa uani. Alipohitaji tambara, alimwita Nekoye. Mama yumo ndani, yeye angeingiaje?

Pampu ilipokaa mahali pake, alichukua leso na kuifunga kama pazia kati ya viti vya mbele na vya nyuma.

Bramwel alicheka hadi akaketi juu ya tairi. "Ai, shemeji! Hapa sasa ni mpaka wa Uganda, pale Lwakhakha. Mama atavuka na kitambulisho ama na pasipoti?"

"Cheka tu. Wewe utakaa mbele na mimi. Mama akae nyuma na Nekoye, asinione hata kisogo."

Bramwel aliacha kucheka, akaanza kukusanya spana.

Nekoye alikuwa akipita na kurudi, akibeba mifuko na kuipanga kwenye buti la gari. Munene alipolishusha gari kutoka kwenye mawe, alirudi nyuma hatua kadhaa, akalitazama kwa jicho la fundi.

"Imelala nyuma. Springi zimechoka, ama umemwekea mama mahindi yote ya stoo?"

"Mama hawezi kurudi mikono mitupu," Nekoye alisema, bila kumtazama.

"Basi ongeza viazi!"

Nekoye alisimama, mkono juu ya buti. "Hata kwa miguu wangekupokea," alisema.

"Nani?"

"Watu wa kwetu. Ungekuja na wazee hata kwa miguu."

"Na sasa si gari imepona?" Munene alijibu kwa furaha.

Nekoye akafunga buti.

Munene alijaza maji kwenye rejeta, akawasha injini, akasubiri. Alishika mpira wa juu wa maji, akausikia ukipata moto. Alipiga magoti na kutazama chini: hakuna tone. Sindano ya joto ilipanda hadi katikati, ikatulia. Alinawa mikono kwa sabuni ya unga, kisha akageuka na kuelekea ukuta, kichwa ameinamisha, ili Mama Nabwile apite bila kukutana naye macho.

Mlango ulifunguliwa. Nyayo zilivuka ua, zikasimama nyuma yake.

"Munene. Nitazame."

Aligeuka taratibu. Mama Nabwile alikuwa amemnyooshea mkono. Munene aliufuta wake kwenye suruali, akaufuta tena, ndipo akaupokea. Mama alizunguka hadi upande wa abiria, akafungua mlango wa mbele, akaivuta ile leso na kuikunja vizuri mapajani, akaketi.

Munene aliwahi kusikia kwamba kuna familia za Bungoma mjini zilizoacha mambo ya kukwepana, mkwe akawa mwana kama wana wengine. Hakuwahi kuota kwamba yeye angepewa heshima hiyo, tena uani kwake, huku mikono yake ikinuka grisi.

"Asante, mama," alisema. "Asante sana."

Mama Nabwile aliwageukia wanawe, waliosimama kando ya gari.

"Ingieni nyuma, nyote wawili. Mwiko ni wa mkwe, na mimi hapa sina mkwe. Akitufikisha Kabuchai, Nekoye atabaki, na yeye atarudi na gari lake."