Alama za Mama

Chuo cha biashara kilimkataa Tumsifu mara tatu kwa sababu ya wastani wake wa shahada ya kwanza, mbili nukta moja. Hawakujali kwamba alikuwa akiendesha kiwanda cha sabuni chenye watu arobaini. Safari ya nne walimpokea, na barua ilitaja wastani wa nne nukta sita.

Akaelewa papo hapo. Sheria ilimruhusu mzazi kumhamishia mwanawe alama zake, naye mzazi akahesabiwa kuwa hakusoma kamwe, asiruhusiwe tena kufanya kazi aliyoisomea.

"Mama, nani alikutuma?" alifoka, barua ikiwa mkononi. "Nilikuomba mimi?"

"Uliacha kula, mwanangu," Nakijwa akajibu, akiendelea kuchambua mchele.

"Heri ningekufa njaa! Miaka thelathini ya ukunga umeitupa kwa karatasi hii?"

Kabla mama hajajibu, jirani yao Mchome aliingia mbio bila hodi.

"Mama Tumsifu, njoo! Mke wangu anajifungua, mtoto ametanguliza miguu!"

Nakijwa aliinuka nusu, akaketi tena. Hakumtazama binti yake.

"Mpeleke hospitali, baba," akasema taratibu. "Mimi kazi hiyo siijui."