Dirisha la Matofali

Fidélie aligusa matofali nyuma ya kompyuta ya redio, akarudisha mkono haraka. Yalikuwa ya moto kama sufuria.

"Papa, imezimika tena, katikati ya tangazo ya treni!"

"Geuza feni za ile mashini ya maji yenye kupoza kompyuta," mkurugenzi wa redio akasema. "Zivute hewa ndani."

"Zivute kutoka wapi?" Sauti ya Fidélie ilipanda. "Dirisha muliiziba na matofali tangu vita! Hewa ya moto inatoka, inagonga ukuta, inarudia kwa kompyuta. Nikigeuza feni, zitavuta ule ule moto. Vita ilikwisha, Papa! Tubomoe!"

Mkurugenzi aliweka kiganja juu ya ukuta, pale alama za vidole vyake zilipokuwa zimekauka ndani ya saruji. Aliyapanga matofali hayo mwenyewe, kwa haraka, risasi zikilia upande wa stesheni ya treni. Wakati ule studio hii ilikuwa sebule yake, na watoto wake wanne walikuwa wamejificha chini ya meza.

Fidélie akamnyooshea nyundo.

Aliipokea. Akageuza sikio upande wa stesheni, kana kwamba risasi zingali zikilia.

"Toka mbele ya dirisha, mwanangu," akanong'ona. "Lala chini."