Mianzi Kabla ya Jumapili

"Kaa hapo, fundi," mama mwenye nyumba alisema, akimsogezea kiti chake mwenyewe kilichokuwa karibu na mlango wa jikoni. "Upimie hapo."

Fundi alicheka. Alikuwa muuza miche, mtaa mzima ukimwita Bwana Kijani, na ulimi wake ulikuwa mrefu kuliko mti wowote aliowahi kuuza.

"Mama, ukuta wa miti haupimwi hivyo. Anayechungulia ni jirani. Kwa hiyo mimi hupanda kwake juu, nasimama kwenye roshani yake, natazama anaona nini, ndipo najua mti uwe na kimo gani. Nikikaa hapa nitapima macho yako wewe."

"Pima hayo hayo."

Akakaa. Mbele yake palikuwa na kiwanja kidogo cha nyasi, kamba ya kuanikia nguo, na ukuta wa kimo cha kiuno. Ng'ambo ya ukuta ilisimama nyumba ya ghorofa, roshani yake imewakodolea macho. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Katika chumba cha pembeni lilining'inia pazia jipya la njano.

"Hawapo?"

"Wanarudi Jumapili. Nataka pawe pamezibwa kabla hawajafika."

"Na leo Alhamisi! Mama, mti ni kiumbe, si bati." Hata hivyo alianza kuhesabu kwa vidole, maana hapo ndipo roho yake ilipokuwa. "Michongoma ni mizuri, lakini hawa wanao wataoa na kuolewa kabla haijafika roshani." Alionyesha ndara ndogo, jozi tatu, zilizopangwa mlangoni. "Ni wako wote?"

Mama aliinama taratibu, akazipanga upya ingawa zilikuwa zimepangika.

"Hao watatu ni wangu."

"Basi minyaa tuiache, utomvu wake ni adui wa macho ya watoto. Mivinje? Inakwenda juu, lakini chini inakuacha uchi."

"Ipi ina kelele?"

"Kelele?"

"Upepo ukipita. Ipi inapiga kelele zaidi?"

Tangu aanze kuuza miche, fundi hakuwahi kuulizwa swali hilo. "Mianzi," alisema. "Kuna mteja alinirudishia mianzi yangu, eti inamsengenya usiku kucha."

"Nataka hiyo."

Bahati nzuri alikuwa nayo iliyokwisha kukua, kwenye mapipa yaliyokatwa nusu. Aliinuka, akayakazia macho madirisha ya jirani kana kwamba yamemtukana yeye.

"Wamekukosea nini hawa?"

"Hawajanikosea kitu."

"Basi wambea."

"Ni watu wazuri, fundi," mama alijibu. "Ni watu wazuri sana."

Fundi hakumwamini. Nani anajificha asionwe na watu wazuri? Aliondoka damu ikimchemka, ameshakuwa upande wa mteja wake bila kuombwa.

Jumamosi mikokoteni ilileta mapipa. Fundi aliyapanga sako kwa bako kandokando ya ukuta, akifunga mashina kwa kamba, akiimba ovyo. Mama alitaka kusaidia. Alinyanyua ndoo ya maji, akapiga hatua chache, akaitua na kujishika chini ya kitovu.

"Mgongo?" fundi aliuliza.

"Mgongo."

Mama aliporudi kumwagilia, gauni lake lilikuwa limelowa kifuani.

"Mama, unamwagilia mianzi au unajimwagilia mwenyewe?"

Mama alijitazama. Aliingia ndani haraka, akatoka na gauni jingine, kitambaa kimekazwa kifuani hadi anapumua kwa shida.

"Ndoo inavuja," alisema.

"Ndoo za siku hizi!" fundi alikubali, akaendelea kuimba.

Jumapili kabla ya adhuhuri alileta pipa la mwisho na kuziba mwanya uliobaki karibu na kamba ya nguo. Mama alikaa kwenye kiti chake cha jikoni, ndoo miguuni, akitazama mbele.

"Unaiona roshani?" fundi alimuuliza.

"Siioni."

"Pazia je?"

Mama aliinyoosha shingo. "Silioni."

"Umeona? Hata jicho la sindano halipiti!"

"Mbona hailii?"

Fundi alitazama juu. Siku ilikuwa imetulia kama maji mtungini. Hakuna jani lililotikisika.

"Itasengenya tu, mama. Upepo ukija, utaniita uniambie niinyamazishe."

Gari likasimama ng'ambo. Milango ilifungwa kwa utaratibu, kama watu wanaoogopa kuamsha mtu. Miguu ikapanda ngazi. Fundi aliiokota ndoo aende kumwagilia pipa la mwisho, akasimama nayo, akaunyanyulia kidevu ukuta wake wa majani.

"Waje sasa wachungulie!"

"Mama mdogo!" sauti ya mwanamke iliita kutoka juu, nusu kicheko nusu kilio. "Mdogo wangu, uko wapi? Mianzi yote hii ya nini? Toka utupokee! Tuliondoka wawili, tumerudi watatu!"

"Kumbe ni dada yako?" fundi alinong'ona.

Mama alikuwa ameishika mikono ya kiti chake kwa nguvu zote, macho yakiomba kitu kwenye majani yaliyonyamaza.

Ng'ambo ya mianzi, kitoto kichanga kikaanza kulia.

Fundi aligeuka kumtazama mama. Kitambaa kilikuwa kinalowa kifuani mwake, huku na huku, polepole, na ndoo ilikuwa bado mkononi mwa fundi.