Mlango wa Ubavuni

Mkaguzi wa majengo alisimama ndani ya chumba, mbele ya mlango wa ubavuni, akautazama kama mtu aliyekamata mwizi.

"Bi Siwema, chumba chenye mlango wake wa nje ni cha mpangaji. Msamaha wa kodi ya mabati ni kwa anayejenga akae mwenyewe."

"Nitakaa mwenyewe, baba." Bi Siwema hakuacha kupiga lipu. Bila msamaha huo mabati yangemshinda, na masika yangemkuta hana paa.

"Sasa mlango mpana hivi wa nini? Unafuga tembo?"

Bi Siwema akacheka, kisha akalaza mwiko juu ya ndoo.

"Nyumba tuliyopanga ilikuwa na korido kama utumbo wa kuku. Mume wangu Haruni alipofariki, jeneza lilikwama kwenye kona. Wakalisimamisha wima, wakamtoa kama kabati. Niliwasikia wakiambiana, 'Inua miguu, inua miguu.' Siku hiyohiyo niliapa: kwangu mtu atatoka amelala, na wanaombeba hawatagusa ukuta."

Mkaguzi alivuta utepe wa kupimia, kisha akauachia urudi ndani bila kupima.

"Na atakayetoka wa kwanza ni nani?"

"Mimi. Lakini kwanza nimalize lipu."

Akachota udongo, akaurusha ukutani, ukashika.

Mkaguzi akavua kofia. Akatanua mikono yote miwili, akapita mlangoni polepole mpaka uani, vidole visiguse ukuta. Huko akageuka, akaanza kurudi ndani, mikono bado ameitanua.