Mgongo wa Mwalimu

Spana alikuwa amelala chali chini ya gari, kwenye banda la nyumbani, aliposikia mluzi. Aligeuza shingo, akachungulia pale gurudumu lilipokuwa limetolewa, akamwona mumewe akikatiza uani na mtungi wa gesi begani. Mtungi ulikuwa umejaa. Mume alitembea wima, bila haraka, akaushusha mlangoni pa jiko kama mtu anayevua kofia.

Huyu ndiye aliyeshindwa kukaa kwenye gari lao mwaka mzima kwa sababu ya mgongo.

Spana ni jina alilopewa na mumewe wakati wa uchumba, na mtaa mzima ukalidaka, maana alikuwa fundi magari. Gari lenyewe lilikuwa la michezo, la viti viwili, la zamani kuliko ndoa yao. Alilikuta limetupwa, kuku wametaga ndani, akalifufua kwa mikono yake. Mumewe, Mwalimu, alimtamkia neno la ndoa humo humo, mvua ikiwavujia mapajani.

Lakini lilikuwa chini mno. Kuliingia ni kama kushuka kisimani. Mwalimu alipoanza kushika kiuno na kukataa matembezi yao ya Jumapili, Spana hakubishana. Aliagiza mifuko ya hewa ya kufunga mahali pa springi, kompresa ya kuijaza upepo, ya kukaa ndani ya buti, na kitufe cha kuweka karibu na gia. Ukibonyeza, gari linanyanyuka mpaka kiti kinalingana na kiti cha mezani. Mtu anaingia bila kujikunja, gari linashuka taratibu, safari inaanza. Alimwambia Mwalimu kwamba anabadilisha breki tu. Alitaka iwe zawadi.

Nati ilimponyoka. Aliipapasa sakafuni, akakung'uta vidole vilivyokufa ganzi, akaendelea kufunga. Mluzi ule haukumtoka kichwani.

Mchana, mdogo wake alipita kumsalimia. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake, mshirika wake katika gereji, na bidii yake ilikuwa ya ajabu: kila jioni alimsihi dada yake atangulie nyumbani, yeye abaki kufunga. Siku hizi hata wateja walimwulizia yeye zaidi. Spana hakuona ubaya. Mdogo wake alikuwa na ulimi wa asali. Alipoomba aitazame kazi kidogo, akanyoosha mkono kuchukua tochi, Spana alimzuia huku akicheka. Magari mengine yote wangegawana, hili haligusi mtu.

Kisha kicheko kikamkauka. "Mgongo wa shemeji yako unauma kweli?"

Mdogo wake alitazama viatu vyake. "Mwulize mwenyewe, dada."

Wanaume hulindana, Spana alijisemea.

Asubuhi moja alikwenda kununua mkate akamwona Mwalimu kando ya barabara. Mshonaji wa mtaa wa pili, mwanamke aliyekuwa mteja wa siku nyingi wa gereji, alisimamisha kigari chake, kile kifupi ambacho tumbo lake lilikaribia kukwaruza lami. Mwalimu aliinama, akaingia, akafunga mlango. Hakushika kiuno. Mshonaji alisema jambo, wote wawili wakacheka, wakaondoka.

Spana alibaki na mkate mkononi. Alikumbuka jioni zote alizokaa akimkanda mgongo kwa mafuta ya moto, na jinsi alivyokuwa akiguna. Sasa aliona kwamba hata miguno ile ilikuwa ya kupangwa.

Alimaliza kazi kwa hasira. Alipaka sabuni kwenye maungio ya mipira ya kupitisha hewa kutafuta penye kuvuja. Povu halikufura popote. Ndani ya boksi zilibaki bolti mbili. Viwanda vya siku hizi vinazidisha vitu ovyo, aliwaza, akazifagilia pembeni.

Alasiri alimwita Mwalimu bandani, akabonyeza kitufe. Kompresa ilinguruma na gari likanyanyuka polepole, pua kwanza, kisha mkia, kama mtu anayevuta pumzi ndefu. Mwalimu alilizunguka akilitazama. Alisema hajawahi kuona kazi ya mapenzi kama ile. Halafu mkono wake ukaenda kiunoni. Leo, alisema, mgongo umeamka vibaya.

"Mtungi wa gesi haukuumiza mgongo huo," Spana alisema. "Wala kigari cha mshonaji."

Mwalimu aliutoa mkono kiunoni.

Spana alimweleza kila alichokiona. Sauti yake haikupanda. Alisema angestahimili kuachwa, lakini si kufanywa mjinga: kumkanda mtu mwaka mzima kama mtoto mchanga, kulala sakafuni mpaka mikono inakosa hisia, yote kwa ajili ya mgongo usio na kasoro. Alitaka ajue jambo moja tu, ameanza lini na yule mwanamke.

"Hunipa lifti, basi," Mwalimu alisema. "Hata mumewe anajua."

"Sasa mbona lake unapanda, langu hupandi?"

Mwalimu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alimvuta mkewe karibu, akaichukua mikono yake miwili, akaisugua kidole kimoja kimoja. Spana hakuhisi kitu vidoleni.

"Kwa sababu lake limepita kwa mdogo wako," alisema. "Kila jioni ukishaondoka gereji, yeye hurudia kukaza kila nati uliyoifunga. Gari hili ndilo pekee ulilomkataza kuligusa."