Salumu Hajibu

"Salumu, Salumu, unanipata? Ova."

Mzee Mwishehe aliachia kitufe, akasikiliza. Mikwaruzo tu. Akainua simu ya upepo juu ya kichwa, antena ikielekea mbinguni, akaita tena. Mikwaruzo.

Alikuwa ametoka nyumbani Gwata asubuhi, na sasa kivuli chake kilikuwa kimeshaanza kurefuka. Mdogo wake, Salumu, alikuwa na redio ya pili, pacha wa hii. Salumu hakuwa mtu wa kunyamaza. Hata akienda dukani kununua chumvi, angeita njiani kueleza alikofika. Leo kila anapoitwa, kimya.

Mwishehe alisimama kwenye njia ya mikorosho, akakikagua kifaa. Betri ilikuwa bado ina nguvu. Antena imekaza. Chaneli ni ile ile yao. Aliitazama na ile namba ya siri, maana isipolingana, watu wawili wanaweza kukaa chaneli moja na wasisikiane milele. Nayo ilikuwa sawa.

"Baba! Nakupata," sauti ya binti yake Biubwa iliruka ghafla redioni. "Uko wapi? Ova."

Mwishehe akashusha pumzi. Kama Biubwa anasikika, basi redio hii ni nzima. Hitilafu iko upande wa pili.

"Namtafuta baba yako mdogo. Hajibu."

Biubwa akajibu polepole: "Sawa, baba. Hapo ulipo unaona nini?"

"Usiniulize mimi naona nini! Watu wameshatoka kutafuta?"

"Wametoka, baba. Kijiji kizima. Kaka Halidi kachukua pikipiki na redio ya kuazima, kaelekea Dutumi."

"Na?"

"Bado. Tafadhali baba, niambie unaona nini."

"Mnamaliza betri kwa maneno. Kusikiliza hakuli moto, kinachokula ni kuongea. Nitapanda kilimani, huku bondeni mawimbi hayapiti. Ova."

Akapanda, magoti yakimlalamikia. Hasira zilikuwa zimemjaa, na chini ya hasira kulikuwa na woga. Alikumbuka siku walipokwenda Kariakoo kununua redio hizi. Salumu aling'ang'ania zenye taa za rangi, na yeye akamwambia, "Taa haifikishi sauti. Tazama antena, tazama betri." Walibishana mpaka muuzaji akacheka. Jioni ile walisimama kila mtu mwisho wa shamba lake, wakaitana kama watoto, mpaka wake zao wakawafuata kwa kelele.

Juu kilimani alisimama ghafla. Mbele yake, kule ambako alijua ni pori la kuchungia ng'ombe, kulikuwa na uwanja mpana na masanduku ya chuma, mekundu na ya buluu, yamepandana kama ghorofa. Kreni ilikuwa ikiinua moja. Mwishehe alipepesa macho. Hii ndiyo Kwala aliyoijua? Mtu akikutana na kitu kama hiki njiani, atakosaje kupotea? Maskini Salumu.

"Biubwa, naona makontena. Salumu atakuwa amechanganyikiwa hapa."

"Makontena!" Alimsikia binti yake akimpigia kelele mtu aliye karibu. Kisha akarudi, sauti imepanda: "Baba, kaa hapo hapo juu. Hapo redio inashika vizuri. Usishuke, nakuomba!"

Lakini atakaaje, na jua linakwenda? Mwishehe alishuka upande wa pili, akiita kila hatua chache. "Salumu, Salumu. Jibu basi, ndugu yangu."

Chini alimkuta mwanamke akipalilia mihogo. Mwanamke alipomwona aliacha jembe, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Wewe nani?"

"Marselina. Tumehamia hapa mwaka juzi."

"Marselina, hujamwona mzee akipita hapa ana redio kama hii?"

Marselina aliitazama redio, kisha akamtazama usoni.

"Nimesikia wakitangaza kwenye kipaza sauti cha msikiti," alisema taratibu. "Mzee ana redio. Ametoka nyumbani hajarudi."

"Huyo huyo! Ni ndugu yangu."

"Wanasema msipishane njiani. Kaa hapa kwangu, unywe maji. Wakipita watapita hapa."

Yalikuwa maneno yenye akili. Mwishehe akakaa kwenye kigoda, akanywa maji, akasimama, akakaa tena. Marselina alimwomba redio. Alibonyeza kitufe kwa woga, akaeleza shamba lake lilipo. Mwishehe alimsahihisha: "Bonyeza kwanza, subiri kidogo, ndipo uongee. Ukiwahi, neno la kwanza linamezwa."

Halafu alirudishiwa redio yake, akaita tena. Midomo ilikuwa imemkauka. Aliita mpaka jina likawa halitoki vizuri.

Bodaboda ikaja ikiruka mashimo. Biubwa alishuka kabla haijasimama, mkononi redio pacha wa ile ya baba yake, macho mekundu. Akamkumbatia baba yake kwa nguvu mpaka antena ikamchoma shavu.

"Acha kulia," Mwishehe alisema. "Salumu yuko wapi?"

Biubwa alimshika mikono yote miwili.

"Baba mdogo yuko Kisarawe, baba, ubavuni mwa kaburi la babu. Wewe mwenyewe ndiye uliyemshusha."

Kisha akageuka pembeni, akabonyeza kitufe, akasubiri kidogo.

"Kaka Halidi, waambie watu wote warudi. Baba tumempata. Ova."