Mkahawa Usio na Viti

Mkaguzi Ok alikula tambi akiwa amepiga magoti. Ukisimama, meza iko chini. Ukikaa sakafuni, iko juu. Na mkahawa mzima haukuwa na kiti hata kimoja.

"Tambi tamu, Mama Tak," alisema akijifuta supu kidevuni. "Lakini kibali sikupi. Unafunguaje mkahawa bila viti?"

"Wateja wangu wanakuja na vyao."

"Watu watembee na viti mji mzima wa Cheongju?" Alicheka mpaka akapaliwa na kabichi kali ya kimchi.

Kutoka nyuma ya kaunta, Mama Tak alimsogezea maji. Hakuinuka. Hata alipomkaribisha hakuinuka, aliinamisha kichwa tu, na Ok alikuwa bado na kinyongo. Miaka ishirini na miwili ya ukaguzi, wenye mikahawa wote humpokea wima.

"Nimeuza vyerehani vyangu vitatu kwa ajili ya chumba hiki," alisema Mama Tak. "Usiposaini leo, sifungui tena."

"Si ununue viti? Kwani kazi?"

"Vitaziba njia."

"Njia gani, mama? Mlango wenyewe umeupanua kama wa gereji!"

"Bwana Mkaguzi, unaikumbuka barua yangu ya mwaka jana? Nililalamika kwamba kwenye mkahawa wa jirani siwezi kula."

"Barua ni nyingi, mama."

"Ulinijibu vizuri sana. Mwenye mkahawa halazimiki kumfikiria kila mtu. Asiyeridhika afungue wake." Akatabasamu. "Basi nimefungua."

Ok aliinuka, magoti yakalia. Akatoa fomu, kalamu ikaelea juu ya neno HAPANA.

"Kanuni ni kanuni. Kila anayekula awe amekaa kitini."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

"Basi nipe dakika mbili, ifike saa sita."

Saa sita mlango mpana ulifunguka. Wakaingia wateja kumi na wanne, wakitaniana kwa sauti nani kamgonga nani, wakajipanga mezani, magurudumu ya viti vyao yakigusana. Mama Tak naye akatoka nyuma ya kaunta, akisukuma magurudumu yake kwa mikono, bakuli la kwanza likifuka moshi mapajani.

"Haya hesabu, Bwana Mkaguzi," alisema. "Asiye na kiti humu ni mmoja tu."